Mzungu wa Nne: Historia Fupi ya Kitanda cha Mzazi

Dadangu alijifungua saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumanne, katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Kufikia saa tatu mimi na mamangu tulikuwa tumefika langoni na thamosi mbili, moja ya uji wa wimbi na nyingine ya supu, pamoja na mkoba wa leso. Tulingoja hapo mpaka saa saba, saa za kuona wagonjwa. Tulipoingia wodini tulimpita mara mbili bila kumwona, kwa sababu tulikuwa tunatafuta kitanda chenye mtu mmoja.

Kitanda chake kilikuwa na watu wanne: yeye na mtoto wake, na mama mwingine na mtoto wake. Walikuwa wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Kama hujawahi kucheza karata na wazee wa Pwani, mzungu wa nne ni mfalme. Itazame ile picha uone, kichwa kimoja juu, kingine chini, na hakuna anayejua yupi ndiye amesimama wima.

Saa kumi jioni sista akapita na mafaili. "Mama, wewe uko sawa, mtoto yuko sawa. Jitayarishe." Tukapiga hesabu. Dadangu alikuwa na saa kumi na moja tangu azae, na katika hizo alikuwa amelala labda moja.

Yule mama wa miguuni, maana hivyo ndivyo tulivyomjua, naye akaambiwa ajitayarishe. Yeye alikuwa amezaa usiku uliotangulia. Akauliza kama anaweza kukaa usiku mmoja zaidi. Sista hakumkaripia. Alimwangalia tu, akasema, "Hata mimi ningetaka ubaki. Lakini tazama pale." Pale mlangoni kulikuwa na akina mama watatu waliotoka leba, wamesimama, kila mmoja na mtoto mikononi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Ni lini hospitali iliamua kwamba kazi yake inaisha mtoto akilia? Nimesoma kadiri nilivyoweza, na stori niliyoipata si ile niliyotarajia. Nilidhani nitakuta kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri halafu yakaharibika. Nilichokuta ni kwamba kitanda cha mzazi hakijawahi kuwa chake. Kila zama kilikuwa na mwenyewe mwingine.

Tuanze kabla ya kitanda cha hospitali.

Kiswahili cha Pwani kina neno ambalo sisi wa bara tumelipoteza. Tukisema mzazi, tunamaanisha baba au mama wa mtu yeyote, yule anayeitwa shuleni ukikosea. Pwani, mzazi ni pia mwanamke aliyejifungua juzi. Ni hali ya mwili, na ina muda wake: siku arobaini. Katika siku hizo mzazi hukandwa kwa maji moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na tumbo lake hufungwa kitambaa kiitwacho mkaja. Hapiki, hachoti maji, hatumwi. Uislamu nao una hukumu zake juu ya damu ya uzazi, ambayo wanazuoni wengi huipa kikomo cha siku arobaini, kwa hiyo dini na desturi zikashikana mkono.

Neno mkaja lina maana nyingine pia. Kijana akija kuposa, kati ya vitu anavyodaiwa kuna zawadi ya mama wa bibi harusi, nayo huitwa mkaja. Yaani miaka ishirini na kitu baada ya yule mama kufungwa tumbo, kuna mtu anakuja kulipia kile kitambaa. Jamii ilikuwa inakumbuka kwamba kuzaa kuna gharama ya mwili, na ikaiweka gharama hiyo kwenye mahari.

Hata bara tulikuwa na mambo yetu. Njahi zilizo sahani moja na wali kwenye harusi za Wakikuyu zilijulikana kwanza kama chakula cha mwanamke aliyejifungua. Uliza shosho yeyote kutoka Murang'a.

Ushuhuda mmoja wa zamani uliowashangaza madaktari wa Ulaya unatoka kwa jirani zetu. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin, mmisionari aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mwanamke akipasuliwa ili azae mahali paitwapo Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi, na mganga akatumia pombe hiyohiyo kunawa mikono na kuosha tumbo. Watu wanaosimulia kisa hiki hukomea hapo, kwenye kisu, kwa sababu kisu ndicho kinachosisimua. Lakini Felkin aliendelea kuandika. Alieleza jinsi kidonda kilivyofungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome, kikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto na kufungwa kwa kitambaa cha gome la mti. Pini zilitolewa kidogo kidogo, si zote kwa siku moja. Maziwa ya mama yalikuwa haba, kwa hiyo rafiki yake ndiye aliyemnyonyesha mtoto zaidi. Siku ya kumi na moja, kidonda kilikuwa kimepona.

Siku kumi na moja za kuangaliwa, na rafiki wa kunyonyesha. Hilo ndilo nililolibeba mimi kutoka Kahura.

Wakati huohuo, Ulaya, kuzaa hospitalini kulikuwa hatari kuliko kuzaa nyumbani. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja iliendeshwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao, na akina mama walikuwa wakilia wasipelekwe kwa madaktari, maana huko walikufa kwa wingi kwa homa ya uzazi. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwa nini. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, na mikono ileile. Aliwalazimisha wanawe mikono kwa maji ya klorini na vifo vikapungua sana. Wenzake wengi walimpinga. Ilichukua miongo mingi kabla ya usafi kuwa kanuni, na katikati ya miaka ya 1930 ndipo zilipopatikana dawa za salfa zilizoweza kuipiga homa yenyewe.

Hospitali ilipokuwa salama, ikageuka kuwa jela ya aina yake. Mwanamke Mwingereza wa kizazi hicho alitakiwa kukaa kitandani siku kumi au zaidi baada ya kuzaa, wakati mwingine bila ruhusa ya kukanyaga sakafu. Ilionekana ni huruma, lakini kulala kama gogo kwa siku nyingi hugandisha damu miguuni, na damu iliyoganda ikisafiri hadi mapafuni inaua. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta uhaba wa vitanda na wauguzi, akina mama walianza kuinuliwa mapema, na ikaonekana kwamba hawadhuriki, bali wanapona vizuri zaidi. Hapo sayansi ilifunza jambo la kweli: mzazi anahitaji kutembea kidogo.

Tatizo ni kwamba somo hilo lilikuja limefungwa pamoja na hesabu ya vitanda. Kutoka "mama anaweza kusimama siku ya kwanza" mpaka "mama anaweza kwenda nyumbani siku ya kwanza" ni hatua moja fupi, na wenye kulipa bili waliiruka haraka. Marekani ilifika mahali pa kutungia jambo hili sheria. Mwaka 1996 Bunge lao lilikataza kampuni za bima kukata malipo ya mama kabla ya saa 48 tangu azae kwa njia ya kawaida, au saa 96 akipasuliwa. Fikiria, nchi tajiri vile ilibidi iandike kwenye sheria kwamba mwanamke aachwe alale siku mbili.

Sasa turudi Nairobi.

Mwaka 1926 Joan Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alianzisha nyumba ya uzazi katika mtaa wa Waafrika, Pumwani. Ikaitwa kwa jina lake. Leo ndiyo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, na kama wewe ni mtoto wa Eastlands, kuna uwezekano mkubwa ulivutia pumzi yako ya kwanza humo. Mimi kila nikilisikia jina Pumwani, sikio langu husikia kupumua na kupumzika. Sidai kwamba hiyo ndiyo asili ya jina. Ni sikio langu tu.

Kwa nini mke wa gavana aanzishe nyumba ya uzazi ya Waafrika? Huruma ilikuwepo, tusimnyime mtu haki yake. Lakini tembea kutoka Pumwani mpaka soko la Kariokor, ni mwendo wa miguu tu, na utapata nusu ya pili ya jibu. Kariokor ni masikio yetu yakijaribu kutamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, wanaume waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Baadaye, mwaka 1918, ikaja homa ya mafua. Miaka ya 1920 maofisa wa kikoloni wakaanza kuwa na wasiwasi kwamba Waafrika wanapungua. Na nani atafanya kazi katika mashamba ya wazungu? Kwa hiyo afya ya mama Mwafrika ikawa jambo la serikali. Aliyehitajika hasa ni mtoto, na nyuma ya mtoto kulikuwa na kibarua wa kesho.

Sisemi kwamba wakunga wa Pumwani walifikiri hivyo wakiwa na mikono kwenye tumbo la mtu. Wakunga hao, pamoja na Waafrika waliofunzwa hapohapo, waliokoa maisha mengi. Ninasema jinsi mfumo ulivyopanga hesabu yake tangu mwanzo: kipimo kilikuwa mtoto aliyezaliwa hai. Mama kupumzika hakukuwa na safu kwenye daftari. Kulidhaniwa kutafanyika nyumbani.

Na kweli, kwa muda, kulifanyika. Nyumba za Majengo, pale Pumwani, zilijengwa Kiswahili, vyumba vikiangaliana kwenye ukumbi mmoja. Mwanamke alitoka hospitali akaingia kwenye ukumbi uliojaa wanawake. Arobaini yake ilikuwa inamngoja mlangoni. Hospitali ilichukua siku ya kuzaa, ikawaachia majirani siku thelathini na tisa zilizobaki. Mkataba huo haukuandikwa popote, na uliendelea kufanya kazi mradi tu majirani wapo na wana nafasi.

Uhuru ulipokuja, serikali iliahidi kupigana na maradhi, ujinga na umaskini. Mwaka 1965 ada za wagonjwa wa kutwa katika hospitali za umma zilifutwa. Lakini miaka ya 1980 uchumi ukayumba, wakopeshaji wa kimataifa wakaja na masharti yao, na Desemba 1989 Kenya ikaanzisha sera ya kuchangia gharama. Kuanzia hapo kila kitu hospitalini kilikuwa na bei. Na kitu kikishakuwa na bei, asiyelipa anakuwa mdaiwa.

Hapa ndipo kitanda cha mzazi kilipopata maana nyingine kabisa. Mwaka 2007 mawakili wanawake wa FIDA Kenya, pamoja na shirika la Center for Reproductive Rights, walitoa ripoti kuhusu yaliyowapata akina mama katika vituo vya afya vya Kenya. Ndani yake kulikuwa na wanawake waliotukanwa na kupigwa makofi wakiwa leba, walioshonwa bila ganzi, na waliozuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuweza kulipa bili.

Mama mwingine aliyezuiliwa alijifungua Pumwani mwaka 2010. Aliambiwa anaweza kwenda, lakini hana pesa, kwa hiyo haendi. Alikaa siku 24. Hakukaa kitandani, maana kitanda ni cha anayelipa. Alilala sakafuni, karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Kesi yake na ya mwenzake ilifika Mahakama Kuu, na mwezi wa Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kulikiuka Katiba, akaagiza mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwingine shilingi laki tano.

Nimerudia kusoma hiyo hesabu mara nyingi. Mama mwenye afya na asiye na deni anafukuzwa baada ya saa kumi na moja. Mama asiye na pesa anawekwa siku ishirini na nne. Ukitazama karatasi tu, wa pili ndiye aliyepata muda mrefu wa kupona. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepumzika. Siku ya kutoka haikupangwa na kidonda wala damu wala usingizi. Kwa mmoja ilipangwa na foleni, kwa mwingine na risiti.

Tarehe 1 Juni 2013, Sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Nakumbuka mamangu akipiga makofi mbele ya televisheni. Na alikuwa na sababu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008 na 2009, chini ya nusu ya watoto wa Kenya walizaliwa katika kituo cha afya. Uchunguzi wa 2022 ukakuta ni zaidi ya wanane kwa kila kumi. Katika muda usiofika miaka kumi na tano nchi nzima ilihamisha mahali pa kuzaliwa. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo, na wapo akina mama ambao wangevuja damu mpaka wafe kwenye sakafu ya udongo, nao wako hai.

Lakini angalia jinsi pesa zilivyopangwa. Serikali ilirudishia kituo cha afya shilingi 2,500 kwa kila kujifungua, na hospitali shilingi 5,000. Kwa kila kujifungua, si kwa kila usiku. Mama akikaa saa sita au siku tatu, hospitali inapata kilekile. Hakuna mtu mbaya katika mpango huo, lakini ukiupa hospitali yenye vitanda hamsini na akina mama mia, utakupa jibu moja: mzungu wa nne, kisha lango. Wanawake waliitikia mwito, wakaja, na vitanda havikuongezeka kwa kasi ileile, wala wauguzi.

Mwaka huohuo wa 2013, mwanamke mmoja alijifungua kwenye sakafu ya hospitali ya umma Bungoma, mbele ya watu, baada ya kukosa kitanda. Kuna aliyerekodi video, na nchi ikaiona. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na kuagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Kati ya hapo, mwezi wa Oktoba 2016, mpango ukabadilishwa jina kuwa Linda Mama chini ya NHIF, na Oktoba 2024 NHIF yenyewe ikaondoka, SHA ikaingia. Majina yanabadilika. Kitanda ni kilekile.

Mtu anaweza kuniuliza, kwani hizo saa chache zina nini? Mtoto ametoka, mama anaongea, anakunywa chai. Si aende tu apumzike kwake?

Zina mambo mengi. Kondo likishatoka, mfuko wa uzazi unapaswa kujikaza ili kufunga mishipa iliyokuwa wazi. Usipojikaza, mama anavuja damu, na wanawake wengi wanaokufa kwa uzazi wanakufa kwa damu hiyo, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Inaweza kuanza wakati mama anaonekana mzima kabisa, akiwa amefunikwa blanketi na hakuna anayetazama. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa, ukiitwa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia damu, ili isikisiwe kwa macho. Damu ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yanaanza kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo lingine lijaribiwe. Matukio mabaya yalipungua kwa asilimia 60. Mabadiliko mengi yalikuwa ya jambo rahisi: kumtazama mama, kwa makini, baada ya mtoto kutoka.

Shinikizo la damu nalo linaweza kupanda baada ya kuzaa, hata kwa aliyekuwa sawa ujauzito mzima. Maambukizi huchukua siku kadhaa kujionyesha. Kunyonyesha hakuji kwenyewe. Kuna wanaohitaji mtu mwenye subira akae nao mpaka mtoto ashike titi vizuri. Na kuna usingizi, ambao tunauona kama anasa, ilhali mwili uliofanya kazi ngumu usiku kucha unajishona ukiwa umelala.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema mama aliyezaa salama kwa njia ya kawaida akae kituoni angalau saa 24, kisha aangaliwe tena kati ya siku ya pili na ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na katika wiki ya sita. Piga hesabu: wiki sita ni siku 42. Wataalamu wa Geneva na manyanya wa Lamu wamepishana kwa siku mbili.

Dunia yenyewe haijakubaliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha nchi 92 na kukuta kwamba baada ya kuzaa kawaida mtoto mmoja, mama wa Misri alikaa hospitalini kwa wastani wa nusu siku, na wa Ukraine siku sita. Kati ya nusu siku na siku sita kuna nafasi kubwa mno kuelezwa na miili ya wanawake. Miili yetu haitofautiani hivyo. Kinachotofautiana ni bajeti, vitanda, na kile ambacho kila nchi inaamini kinamngoja mama nyumbani.

Kwa sababu hatimaye swali ni hilo: nyumbani kuna nini?

Sheria ya ajira ya mwaka 1976 ilimpa mfanyakazi mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi, lakini akiichukua, anapoteza likizo yake ya mwaka. Kana kwamba alikuwa ameenda kujivinjari Malindi. Sheria ya 2007 ikaondoa adhabu hiyo na kumpa miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Ni ushindi. Lakini ni ushindi wa mwenye barua ya ajira. Anayefua nguo za watu Kileleshwa kwa kibarua cha siku, anayeuza mboga Gikomba, anayesuka nywele kwenye kibanda, yeye likizo yake ni akiba aliyo nayo kwenye simu.

Ule mkataba wa kimyakimya wa mwaka 1926, kwamba hospitali ichukue siku ya kwanza na jamii ichukue arobaini, ulitegemea ukumbi wenye wanawake. Wengi wetu siku hizi tunaishi keja la chumba kimoja ambako jirani tunamjua kwa sauti ya redio yake. Nyanya yuko mashambani, ana shamba na magoti mabovu. Dada wako kazini. Hospitali bado inamrudisha mama kwenye arobaini ambayo haipo.

Nilijifunza hilo kutoka kwa yule mama wa miguuni. Tulipokuwa tunamvalisha dadangu, mamangu alimmiminia uji kwenye kifuniko cha thamosi. Akaunywa taratibu, mtoto akiwa amelala pajani. Mamangu akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, nani anakuja kukuchukua?" Akasema hakuna. Watu wake wako mbali, upande wa Busia. Mtoto wake wa kwanza, wa miaka mitatu, amemwachia jirani. Mume yuko safarini kikazi. Ataenda na boda.

Mamangu akamwambia, "Pole. Ukifika ulale."

Yule mama akatabasamu kidogo. "Mathe, nikifika naanza kutafuta maji. Hapa angalau hakuna anayeniuliza maji yako wapi."

Yaani kile kitanda cha nusu, chenye miguu ya dadangu usoni pake, ndicho kilikuwa arobaini yake yote. Usiku mmoja aliouomba haukuwa wa kudeka. Ndio pekee ambao angepata.

Sisi tulikuwa na mama mwenye thamosi. Dadangu alikaa kwetu wiki sita kamili. Hakushika ufagio. Mamangu alimkanda kwa maji moto kila asubuhi, na njahi zilipikwa mpaka baba akalalamika. Wiki ya pili dadangu alipata homa na titi likavimba, na kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuona, alipelekwa zahanati siku hiyohiyo. Alipona. Ndiyo stori yake, na haina maajabu.

Jioni ile tulipotoka, yule mama naye alikuwa anatoka. Mamangu alimpa leso moja kati ya zile tulizobeba. Alijifunga tumboni, kwa nguvu, akamweka mtoto kifuani, akapanda boda kwa upande, polepole, kama mtu aliyeshonwa. Nyuma yetu, kabla hata hatujafika langoni, mama wengine wawili walikuwa wameshalazwa kwenye kitanda kile, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule.